Fundi cherehani wa Rukoki na sauti aliyoifuta kwa mkono wake

Saa nane na robo mchana, jua la Rukoki, nje ya mji wa Kasese nchini Uganda, linawaka sawasawa, na Eriya Thembo anafunga dirisha la chumba chake. Mtu anayefunga dirisha saa kama hiyo, chini ya paa la mabati, ama ana homa ama anarekodi wimbo. Eriya hana homa.

Anavuta pazia lililoungwa kwa vipande vya sare za shule, vya kijani, vya zambarau na vya rangi ya udongo. Kisha anajifunika blanketi kichwani pamoja na simu na maikrofoni ndogo aliyoifunga kwenye kigoda kwa utepe wa kupimia nguo. Anakohoa mara moja, halafu anaimba.

Anaimba ubeti mmoja, ananyamaza kitambo, anaimba wa pili. Mabati yanalia tak juu ya kichwa chake kwa sababu ya joto, naye anarudia tangu mwanzo. Baada ya dakika ishirini anatoka chini ya blanketi, shati limegandamana na mgongo, na kumpa mwandishi wa makala haya hedifoni asikilize.

Wimbo ni safi. Hakuna kuku, hakuna pikipiki, hakuna mtoto anayelia.

"Safi sana," anasema Eriya, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Kwa miaka minane fundi cherehani huyu amerekodi nyimbo arobaini na saba katika chumba hiki. Katika karibu zote, mama yake mzazi, Loyi, aliimba pamoja naye kutoka jikoni bila kuombwa. Na katika zote Eriya aliifuta sauti hiyo, akidhani anaondoa kelele. Tangu Aprili mwaka jana mama huyo hawezi kuimba wala kusema. Sasa mwanawe ana nyimbo arobaini na saba safi, na hamu moja tu: kumsikia mama yake tena.

Eriya ana umri wa miaka thelathini na sita. Hushonea barazani kwake, kwa cherehani ya kukanyaga aliyoirithi kwa mjomba. Wiki za kufungua shule huweza kupata shilingi elfu ishirini na tano kwa siku. Katikati ya muhula, siku nyingine hupinda suruali mbili na kuingia ndani kuimba. Mkewe, Resty, ana genge la mboga sokoni Kasese mjini, na Eriya hana aibu kukiri kwamba mara nyingi chungu cha nyumba hiyo hutegemea nyanya za mkewe.

Wimbo wake wa kwanza hakuurekodi nyumbani. Alidunduliza miezi mitano, akapata laki moja na hamsini, akazipeleka studio moja ya mjini. Studioni mkono mtupu haulambwi, naye alikwenda na wake umejaa. Lakini mwenye studio alikuwa na mteja mwingine mlangoni. Alimwambia aimbe haraka, akamwekea ngoma za disko, na wimbo wa wachuma kahawa ukatoka ukiwa umevaa viatu vya harusi.

"Nyimbo ilitoka, lakini haikuwa yangu," anasema. "Hata mimi ikipita kwa redio ya boda boda nilikuwa natazama kando."

Hapo ndipo alipoamua kujirekodi mwenyewe. Simu alikuwa nayo, ya mitumba. Programu ya kurekodi aliipata bure, akaipakua kwa bando la shilingi elfu moja. Baadaye alinunua maikrofoni ya elfu themanini na tano, na hiyo ndiyo mali ya gharama kuliko zote alizonazo, ukiondoa cherehani. Ukuta wa studio haukumgharimu chochote. Vipande vya nguo ambavyo mafundi wengine hutupa au kuwashia moto, yeye hushindilia ndani ya magunia ya unga na kuyaning'iniza kila upande, ili sauti isigonge ukuta na kurudi.

Majirani walidhani anaficha magendo. Siku hizi ni vijana wanaotaka kuimba ndio wanaokuja kupiga picha magunia hayo, na Eriya huwaeleza yote bila kinyongo: ukubwa wa gunia, umbali wa mdomo na maikrofoni, namna ya kuweka soksi juu ya maikrofoni ili herufi za kupulizia zisilipuke. Anapofika kwenye habari ya kusafisha sauti, husita.

Jiko la nyumba hiyo liko hatua tatu kutoka kwenye dirisha la studio. Humo Mama Loyi, mwanamke wa miaka sitini na nane, alisonga obundu, ule ugali wa muhogo wa huku, akatwanga sombe, yaani majani ya muhogo, akachambua maharage. Na kila aliposikia wimbo, aliitikia.

Hakuwa akijitia mwimbaji. Binti yake mkubwa, Kabugho, anaeleza kwamba mama yao alikulia juu milimani, ambako mashamba ya ukoo wake yalikuwa kwenye mteremko mkali, moja juu ya jingine. Mtu wa shamba la juu akianzisha wimbo, wa shamba la chini aliitikia, hata kama ukungu umewaficha hawaonani. Kwao kutoitikia kulikuwa sawa na kumpita mtu njiani bila salamu. Mtoto aliyenyamaza aliulizwa kama anaumwa au ana kiburi.

"Mama hakuweza kuacha," anasema Kabugho, ambaye ameolewa Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na huuza vitunguu sokoni huko. "Mutu akiimba, yeye ataitika. Hata kanisani padri akiimba peke yake, mama anaitika. Batu banageuka kumuangalia, yeye hana habari."

Eriya naye alijua hayo tangu utotoni. Alilelewa nayo. Lakini alipovaa hedifoni, anasema, alianza kusikia kwa masikio ya watu wengine. Alichosikia ni sauti ya kikongwe nyuma ya wimbo wake, ikija kwa mbali, imechanganyika na mwiko unaogonga sufuria.

Mwanzoni alimwomba kwa adabu. Mama Loyi alikubali, akaomba radhi, na ubeti wa pili ulipofika akaitikia tena. Eriya akahamishia kurekodi mchana, wakati mama yake anapojinyoosha. Mama Loyi aliamka.

Kilichomkaza zaidi ni siku alipompelekea mtangazaji mmoja wa redio nyimbo zake nne. Mtangazaji alisikiliza nusu dakika, akamrudishia kadi ya memori na kumwambia kwamba nyimbo ni nzuri ila zina uchafu. Arudi akazisafishe. Eriya alitembea kutoka mjini hadi Rukoki kwa miguu, nauli akiwa nayo mfukoni, kwa hasira tu.

Kijana mmoja alimwonyesha programu ya simu inayosafisha. Unaionyesha kelele zilipo, unabonyeza, nayo inazichuja. Pale ilipobaki mabaki, Eriya alikata kwa mkono, sekunde kwa sekunde, kwa uvumilivu uleule wa kufumua mshono uliokwenda upande. Alikuwa hodari. Na kwa kuwa simu yake haina nafasi, alipomaliza kusafisha wimbo alifuta rekodi ya awali ili apate pa kuweka mwingine. Wote wanaorekodi kwa simu ndogo hufanya hivyo, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa hilo.

Anajilaumu mwenyewe, tena sana.

"Mimi nilikuwa nataka isikike kama ya Kampala," anasema. "Mama anaimba huko, mimi nasikia kelele. Sikusikia mama. Nasikia kelele tu, nataka itoke."

Nyimbo ziliposafika redio ilizipiga, mara moja kwa wiki, wakati mwingine mara mbili. Alialikwa kwenye harusi sita. Mwaka ule bora kuliko yote, uimbaji ulimwingizia shilingi laki mbili na elfu kumi, na aliamini kwamba ameitafuta njia na ameipata.

Mama yake aliisoma hali. Hakuna aliyemwambia aondoke, lakini alizoea kwamba Eriya akionekana na hedifoni shingoni, yeye huchukua ungo wake na kwenda kuchambulia kwa jirani. Eriya alishukuru moyoni kwamba hatimaye mama ameelewa. Anaposimulia sehemu hii hamtazami mtu usoni. Anashika gurudumu la cherehani na kulizungusha taratibu, sindano inapanda na kushuka bila nguo.

Asubuhi moja ya Aprili mwaka jana Mama Loyi alibeba ungo wa maharage akaenda kwa jirani. Eriya alifunga dirisha, akavuta pazia, akavaa hedifoni. Alikuwa katikati ya ubeti wa tatu pale dirisha lilipogongwa. Aliendelea. Likagongwa tena kwa nguvu, na mara ya tatu akasikia jina lake.

"Nilikasirika kwanza," anasema. "Nikasema, leo nani tena. Nikatoka na maneno mdomoni."

Jirani alikuwa na maharage yamenasa kwenye mikunjo ya sketi. Mama Loyi alikuwa ameanguka. Kilikuwa kiharusi. Hospitalini walimwokoa, na familia haina la kuwalaumu madaktari. Mguu ulirudi kiasi, mkono wa kushoto ni mzima, lakini mkono wa kulia na maneno havikurudi. Hujafa hujaumbika, wahenga walisema, na mama aliyekuwa akiitikia kila wimbo wa Rukoki akatoka hospitalini na mlio mmoja tu kooni, ambao hata yeye mwenyewe ukimtoka huonekana kushangaa.

Siku ya nne wodini, Kabugho alimwambia ndugu yake achukue simu amchezee mama nyimbo, zile ambazo mwenyewe anaitikia, huenda zikamfariji. Eriya alitoa simu. Akatafuta. Kabugho alidhani mtandao unasumbua.

Usiku ule na siku zilizofuata alisikiliza nyimbo zote arobaini na saba, hedifoni zimebanwa masikioni, sauti imepandishwa hadi mwisho. Alitaka angalau pumzi, hata mlio wa mwiko. Hakupata kitu. Alikuwa amefanya kazi yake vizuri mno.

Familia haikuwa na kanda ya harusi wala ujumbe wa sauti. Mama Loyi hakumiliki simu. Aliyekuwa na haja naye alikuja barazani akakaa, na waliokuwa mbali walimpigia Eriya, wakampa salamu ampelekee. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wa Eriya hakuchelewa kuzaliwa.

Kisha akakumbuka simu ya kwanza.

Ilikuwa ile ya mitumba, aliyoanzia kazi kabla hajajua kusafisha. Miaka mitano iliyopita aliipeleka Bwera kwa mfanyabiashara wa simu aitwaye Jean-de-Dieu, akaongeza laki moja na elfu ishirini, akapewa nyingine yenye nafasi kubwa zaidi. Nyimbo zilizokuwamo hakuzihamisha, kwa kuwa kwa hesabu zake zilikuwa uchafu wa mwanafunzi. Tunaambiwa tusiache mbachao kwa msala upitao. Nani hukumbuka methali akiwa na simu mpya mkononi?

Safari ya kwanza ya Bwera haikuzaa kitu. Jean-de-Dieu, mwanamume mnene mpole aliyevuka kutoka upande wa Kongo miaka mingi iliyopita, alimwambia kwamba simu kwake huja na kupita kama mchanga wa mtoni. Safari ya pili hakumkuta. Kila safari, kwa hesabu ya Eriya, ni sketi mbili za sare zilizoliwa na nauli. Resty alimwekea tu ndizi za kuchoma kwenye mfuko.

Safari ya tatu, siku ya soko, mwandishi wa makala haya alifuatana naye. Kibanda cha Jean-de-Dieu kiko kando ya barabara iendayo mpakani, katikati ya wabadilisha fedha wenye mabunda ya faranga na kundi la boda boda lisilojua kunyamaza. Safari hii alikuwa amepindua stoo yake. Mbele yake palikuwa na katoni ya simu mbovu.

"Hii telefone haikuuzika," alisema, akiitoa moja nyeusi yenye ufa mgongoni. "Fasi ya kuingiza chaji ilikufa. Niliiwekaka mu karton, nikasema siku moja nitaondosha kioo niweke ku ingine. Una bahati, fundi. Nilisahau."

Eriya aliitambua kwa ufa. Hakuishika. Jean-de-Dieu alitoa betri, akaichaji peke yake kwa muda wa nusu saa, akairudisha. Simu ikawaka. Humo mlikuwa na rekodi tatu tu zilizobaki.

Ya kwanza ilikuwa Eriya akijaribu maikrofoni, anahesabu moja hadi kumi. Ya pili ilianza vizuri, ikamezwa na mvua juu ya mabati. Jean-de-Dieu alisema wasikate tamaa, akaunganisha spika yake ya mezani na kuicheza ya tatu.

Ulikuwa wimbo wa wachuma kahawa, uleule ulioharibiwa na studio ya mjini. Unamhusu mtu anayeteremka mlimani na mzigo mgongoni, amebaki nyuma, anawaita wenzake. Kwa Kiswahili maneno yake yangekuwa: walio mbele, mningojee. Eriya wa miaka minane iliyopita aliimba mstari huo. Na kutoka mbali, nyuma ya ukuta, kwa sauti nyembamba yenye furaha, ikaja: tuko hapa, teremka.

Eriya alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Ubeti wa pili, sauti iliitikia tena. Wa tatu ilikuja na mlio wa mwiko. Tuko hapa, teremka. Boda boda wawili walioegemea kibanda waliacha mabishano yao. Halafu, kabla ya ubeti wa nne, wimbo ulikatika na sauti ya kijana mkali ikajaa kibandani, kwa Lhukonzo, lugha ya nyumbani kwao: Mama, nyamaza! Unaniharibia!

Kikafuata kifuniko cha sufuria, na hatua za mtu anayetoka nje. Kisha kijana yule akakohoa na kuendelea kuimba. Beti mbili zaidi. Walio mbele, mningojee. Hapakuwa na aliyeitikia, na rekodi ikaisha.

Jean-de-Dieu, ambaye lugha hiyo ni ya kwao pia, alizima spika. Aliuliza kama mama huyo bado yu hai. Eriya akasema yuko hai, ila hasemi.

"Basi beba," alisema Jean-de-Dieu. "Hii sitakuuzisha. Mutu haiuzishake sauti ya mama ya mutu."

Mtu angedhani Eriya alirudi mbio Rukoki. Alirudi, lakini kwa siku tisa hakumwambia mama yake wala dada yake. Alisikiliza mwenyewe, chini ya blanketi. Baadaye, kama mlevi aliyeapa kuacha na kupita tena karibu na kilabu, akafungua ile programu ya kukata.

Alikata rekodi mahali pale pa ubeti wa tatu, mama yake anapomaliza kuitikia. Ukali wake akauondoa, kifuniko na hatua vikaondoka pamoja nao. Zikabaki sekunde sabini na nne za mama na mwana wakiimbiana vizuri kabisa, kana kwamba hakuna lililotokea. Hizo ndizo alizompelekea Kabugho kwa simu.

Kabugho si mtu wa kudanganywa. Anasema alisikiliza mara mbili, akasikia jinsi wimbo ulivyofia katikati, akapanda taksi ya kwanza kutoka Bwera. Alimkuta ndugu yake barazani anashona kola.

"Nilimuuliza, umekata tena?" anasimulia. "Akaendelea na kola yake. Nikamuambia, mara ya kwanza ulikata mama. Sasa unajikata weye. Acha mama asikie yote. Yeye alikuwako pale, alisikia siku ile. Unamuficha nini?"

Jioni ile, kabla ya chakula, wakamketisha Mama Loyi jikoni kwenye kiti chenye mito. Eriya aliweka ile simu yenye ufa kwenye kigoda na kuicheza rekodi nzima.

Kabugho na Resty, ambaye naye alikuwapo, wanasimulia kwa namna moja. Mama aliposikia sauti yake alifungua macho, akatazama dirishani, kana kwamba kuna mtu nje. Aliposikia ubeti wa pili akajitambua. Ukali wa mwanawe ulipokuja, Eriya aliinamisha kichwa hadi magotini. Mama Loyi akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo ambao bado unacheka, kama mtu aliyekumbushwa utundu wa mtoto.

Lakini rekodi haikuwa imeisha. Zilibaki zile beti mbili. Walio mbele, mningojee, aliimba kijana, na kikaja kimya kile. Mama Loyi aliacha kucheka. Mkono wake mzima ulinyooka, ukampiga Kabugho gotini. Kabugho hakuelewa. Ubeti wa mwisho ulipofika, mama alimpiga tena, kwa nguvu zaidi, akimkazia macho, na mlio ule mmoja ukimtoka kooni.

"Ndipo nikajua," anasema Kabugho. "Ananifokea. Anasema, mutu anaita, na weye unakaa tu."

Kabugho akaitikia. Anasema sauti ilimtoka vibaya, alikuwa amejaa machozi. Eriya alitoka akaenda kusimama nyuma ya cherehani yake, gizani, na hakurudi mpaka alipoitwa kula.

Hadi siku ile, Eriya alikuwa amejipangia adhabu. Alitaka kila wimbo atakaoimba auache na nafasi tupu mahali pa mwitikio, ili kila anayesikia ajue kwamba hapo palikuwa na mtu na kwamba aliondolewa. Aliona ndiyo haki. Hata wimbo alioimba mbele ya mwandishi wa makala haya, chini ya blanketi, ulikuwa na nafasi hizo.

Mama yake hakubaliani. Kila Eriya anapojaribu kumchezea wimbo wenye nafasi tupu, Mama Loyi hugeuza uso au huanza kupiga kiti kwa kiganja. Hataki ukumbusho. Anataka wimbo uitikiwe, na kama si yeye basi awe mwingine yeyote mwenye koo zima.

Kwa hiyo mpango umebadilika. Zile sekunde sabini na nne na ukali wote unaozifuata vitabaki kama vilivyo, mwanzoni. Baada ya hapo wimbo utaendelea upya, na Kabugho ataitikia. Watarekodi mwezi ujao, soko likilegea, naye atakuja kukaa siku tatu. Hawatafunga dirisha. Watarekodia jikoni, mwiko ukigonga na kuku wakipita. Eriya anajua kwamba yule mtangazaji hataupiga wimbo kama huo, na hilo limeacha kumuumiza.

Kinachomuuma ni kingine. Amemwomba mama yake msamaha, zaidi ya mara moja. Mama humtazama, wakati mwingine humshika kidole. Majirani wanamwambia huo ndio msamaha wenyewe. Yeye anasema anatamani kuusikia.

Mhudumu wa mazoezi anayemtembelea Mama Loyi aliwaambia kwamba wapo watu ambao maneno hukataa kuwatoka katika mazungumzo lakini huwatoka katika wimbo, ingawa hakuahidi kitu. Tangu hapo kila asubuhi, baada ya chai, Eriya huchukua kigoda na kwenda kukaa mbele ya mama yake. Huimba mstari mmoja, kisha hutulia.

"Kwanza nilikuwa nasubiri anyamaze ndiyo niimbe," anasema. "Saa hii naimba, halafu nasubiri."

Asubuhi ambayo mwandishi aliondoka Rukoki, alimkuta hapo jikoni. Walio mbele, mningojee, aliimba Eriya kwa sauti ya chini. Mama Loyi alimtazama mdomoni. Midomo yake ilisogea, ikashikana, ikasogea tena. Nje mteja alikuwa amefika na sketi ya kupunguza kiuno, akabisha hodi mara mbili. Eriya hakugeuka. Alingoja kama kipimo cha ubeti mzima, kisha akaanza tena mwanzo.